Barua Namba Tatu

Tarehe 6 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo! Na nyingine juu yake, shikamoo, ile ya siku ya harusi ambayo hukuwepo kuipokea. Magoti yanasemaje? Mama Cherehani wa mlango wa pili hajambo? Na paka wake, bado analala juu ya vitambaa vya wateja? Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupitiliza. Shangazi, nimeolewa! Leo ni siku ya kumi na tisa, na kila asubuhi nageuka kwanza kuhakikisha kwamba mtu yupo kweli. Yupo. Anakoroma, lakini anakoroma kwa adabu.

Boksi lako limefika na lori Jumanne. Glasi sita, na hata moja haina ufa! Nilipoona ulivyozifunga nililia pale pale sakafuni: kila glasi na gazeti lake, magazeti ndani ya boksi, boksi ndani ya gunia, na gunia limeshonwa kwa ule uzi wako wa posta. Kilichonichekesha ni anwani uliyoandika juu, maana mstari umepanda mlima na herufi zimekaliana mabegani. Nikamwambia mume wangu, "Hapa shangazi alikuwa na haraka, si kawaida yake." Nikaanza kutupa magazeti, akanishika mkono. (Akinishika mkono mimi husahau nilichokuwa nafanya, lakini nitajitahidi kueleza.)

"Subiri, mke wangu," akasema. "Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ndiyo hii."

Watu wote wanamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo, ila naongeza "wangu". Kazi yake ni kuunganisha kompyuta ili ziongee. Basi akanichorea nyuma ya kadi ya harusi iliyobaki matabaka matano, moja juu ya jingine, kama ghorofa. Tabaka la juu ni ujumbe wenyewe, yale mtu anayotaka kusema. La chini yake linaukata ujumbe vipande na kuvipa namba. Linalofuata linaandika anwani ya mwisho wa safari na kutafuta njia. La nne linajua mlango unaofuata tu, ya mbele zaidi hayalihusu. La chini kabisa ni waya. Kila tabaka linauvisha mzigo bahasha yake na kuukabidhi kwa la chini. Mzigo ukifika upande wa pili, bahasha zinavuliwa moja moja kutoka chini kwenda juu, mpaka ujumbe unatoka mzima kama glasi yako. Vitabu vyao vinataja matabaka saba, lakini Fundi anasema kwa mtu wa kushika kazi matano yanatosha.

Na la kupendeza zaidi, Shangazi: kila tabaka linaongea na mwenzake wa upande wa pili kana kwamba wamekaa meza moja. Kama mimi na wewe sasa hivi! Hatulioni lori, hatumwoni dereva.

Vile vipande vina namba kwa sababu vingine hupita njia ya mbali na kuwahiwa na wenzao. Anayepokea anavipanga, kisha anajibu, "Nimepata mpaka namba fulani." Kikipotea kimoja, kinatumwa tena. Nikasema basi na sisi tuweke namba, maana simu umeikataa. Hii yangu ni namba 1.

Ndani ya bahasha kuna picha ya harusi. Zilikuwa arobaini, nimekuchagulia hii moja, na ukiitazama utajua kwa nini. Niambie ukweli, Shangazi. Umempenda? Mama sina, baba sina, wewe ndiye uliyekuwa wote wawili tangu nina miaka sita. Kila mtu hapa amenipongeza, lakini mimi nangoja neno lako tu.

Nakukumbatia mpaka karatasi ikunjike,
Kasuku wako

*

Namba 1
Tarehe 20 Februari

Kasuku,

Marahaba, zote mbili. Magoti yapo. Mama Cherehani hajambo, paka amelalia suruali ya mwalimu mkuu na mteja akaenda kazini na manyoya.

Nafurahi glasi hazikuvunjika. Mwambie mumeo amenieleza kazi yangu mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja nimepanga barua. Mpanga barua hasomi barua, anasoma bahasha. Mfunga mifuko hasomi bahasha, anasoma lebo ya mfuko. Dereva hasomi lebo, anatazama barabara. Na kila mmoja akifanya lake bila kuchungulia la mwenzake, barua ya mapenzi inafika pamoja na wito wa mahakama. Kuhusu namba, barua za rejista tulizipa namba kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo nimekubali.

Picha imefika salama. Nimeiweka kabatini isipate vumbi.

Panda na viatu vya chini hizo ngazi za chuma za huko mnakokaa.

Shangazi yako

*

Namba 2
Tarehe 5 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Nimepata namba 1, na viatu vya chini nimenunua. Fundi amefurahi sana kwa habari ya mpanga barua, ameikata kwa mkasi na kuibandika ndani ya boksi lake la vifaa. Anasema hakuna mwalimu aliyewahi kumweleza vizuri hivyo.

Asubuhi bado nipo kwenye duka la fotokopi, ila mchana naenda kumsaidia hospitalini, ambako wanaweka mtandao kwenye jengo la macho na la watoto. Nabandika lebo kwenye waya, na natazama mgongo wake akiwa juu ya ngazi. Mgongo mzuri, Shangazi, Mungu anisamehe.

Ngoja nikupe kichekesho. Kwenye chumba cha mafaili kuna swichi ya zamani, kisanduku chenye matundu ishirini na nne na taa ndogo za kijani zinazopepesa. Waya zote zinakutania hapo. Nikaona waya mmoja, ncha moja imechomekwa, nyingine inaning'inia. Kwako nilifundishwa kutoacha kitu kinaning'inia. Nikaichomeka kwenye tundu la jirani lililokuwa wazi.

Taa zote zikaanza kuwaka kwa pamoja kama zimepagawa. Dakika haikupita, kompyuta za ghorofa nzima zikaganda. Karani wa mapokezi akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Mmetufanya nini? Foleni yangu imefika barabarani!"

Fundi akaja mbio. Akatazama kisanduku, akanitazama mimi. "Nani kachomeka huu?"

"Mimi."

"Kwa nini, mke wangu?"

"Ulikuwa mpweke."

Shangazi, alicheka mpaka akakaa chini. Karani hakucheka. Kumbe nilikuwa nimefunga pete: ncha zote mbili za waya kwenye kisanduku kimoja. Ujumbe uliotumwa kwa wote ukatoka tundu hili, ukarudia tundu lile, ukatumwa tena, ukazaliana, mpaka ujumbe mwingine wowote ukakosa nafasi ya kupita. Vipya vina namna ya kujilinda, hicho hakina. Akauchomoa, taa zikatulia.

Na mimi nina pete hiyo kichwani. Nilikuuliza jambo moja tu, ukanijibu habari ya vumbi. Tangu hapo swali linazunguka. Umempenda au hukumpenda? Kama umechukia kwamba nimeolewa na mtu wa waya badala ya yule karani wa benki aliyeniposa, niambie tu, nitalia siku mbili na kunawa uso.

Wako,
Kasuku

*

Namba 2
Tarehe 17 Machi

Kasuku,

Marahaba. Tuko salama, mvua imeanza.

Usichomeke usichokijua. Karani wa mapokezi ungempelekea hata soda.

Picha ni nzuri. Mmependeza wote wawili, na nguo yako nyeupe imetoka vizuri sana. Sina neno na benki wala na waya.

Shangazi yako

*

Namba 3
Tarehe 28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mvua haijaingia ndani.

Kwenye picha ile sikuvaa nyeupe. Nilivaa ya kijani, ile niliyobadilisha jioni, ambayo Mama Cherehani aliishona kwa kitambaa ulichokichagua wewe mwenyewe dukani mwaka juzi. Kwa hiyo nimeelewa. Hukuitazama.

Fundi amenikataza kuituma barua hii nikiwa na hasira. Nimengoja siku mbili, hasira imekwisha, kilichobaki ni huzuni, na huzuni hakunikataza.

Nilipokuwa shule ya bweni uliniandikia kila wiki. Wasichana wengine walipata barua mara mbili kwa muhula, mimi nilipata kila Ijumaa, hata wiki ile uliyolazwa. Sijasahau hata moja, na sitaacha kukushukuru hata ukinikasirikia mpaka uzeeni. Ila nataka kujua nimekukosea wapi.

Kasuku

*

Namba 4
Tarehe 9 Mei

Kasuku,

Naandika mimi Mama Cherehani, maneno ni ya shangazi yako. Yuko hapa kando, anatazama ukutani na kunipa amri. Usishangae mwandiko wangu, nimezoea sindano.

Anasema: salamu nyingi kwenu. Anasema hukumkosea popote. Anasema amechelewa kujibu kwa sababu amejikata kidole cha mkono wa kulia kwa kopo, hawezi kushika kalamu. (Kwanza alisema kisu, ndipo akasema kopo.) Anasema mumeo ale vizuri, watu wa ngazi wanahitaji nguvu. Anasema magoti ndiyo yaliyomzuia kuja harusini, usifikirie jambo jingine.

(Mimi mwandishi naongeza langu: ile nguo ya kijani niliishona kwa siku nne na ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Amesema nifute. Sifuti.)

Namba ameniambia niandike 4. Nimemuuliza ya 3 iko wapi, ameniambia nishone yangu.

Kwa niaba ya shangazi yako,
Jirani

*

Namba 4
Tarehe 20 Mei

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo, na salamu kwa mwandishi wako ambaye nampenda sana.

Nataka nikusimulie jambo la wiki iliyopita. Daktari mmoja alitujia juu: mfumo umemkataa, hauoni mafaili ya wagonjwa. Wote wakaanza kulaumu. Huyu akasema programu ni mbovu, yule akasema kuna mtu kamfungia daktari makusudi kwa chuki. Fundi alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akatoka na ncha ya waya mkononi. Ufagio ulikuwa umeichomoa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniambia, "Mtandao ukikatika, anza chini. Waya kwanza. Ukishajua waya ni mzima, panda tabaka moja, kisha jingine. Watu wanaanzia juu, kwenye moyo wa mtu, na wanagombana mwezi mzima kwa kitu kilichochomoka."

Shangazi, nilisimama katikati ya njia. Mimi nilianzia juu. Nilianzia moyoni mwako, tabaka la juu kabisa, nikasema umechukia, umenuna, humtaki mume wangu. Chini sikutazama kabisa.

Tukafika, nikatandaza barua zako mezani, pamoja na kile kipande cha gunia chenye anwani. Tulizitazama wawili, bila kusoma maneno, tunatazama bahasha tu kama mpanga barua. Kwenye gunia mstari umepanda mlima. Namba 1, mistari inagongana. Namba 2, umeandika mistari saba tu, na wa mwisho umetoka nje ya karatasi. Neno "yako" limekatika. Namba 4 ameandika mwingine, lakini maneno ni yako kabisa, ndiyo yale yale, kana kwamba tabaka la chini limebadilishwa na la juu halina habari. Na kidole cha mkono wa kulia? Shangazi, wewe unaandika kwa kushoto! Kiganja chako kina wino tangu nakufahamu.

Nyeupe ulikisia. Kila bi harusi huvaa nyeupe.

Jana nilimsubiri nesi wa jengo la macho, nikamweleza bila kukutaja jina. Akasema lazima mtu aonwe kwanza, lakini kwa maelezo hayo huenda ni mtoto wa jicho, lenzi imefifia. Wanaitoa na kuweka nyingine, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Karibu kila hospitali kubwa wanafanya.

Sikuulizi tena kama umempenda. Naomba kitu kimoja. Nimepokea namba 1, 2 na 4. Ya 3 haijafika. Naiomba itumwe tena.

Kasuku wako, ambaye ana aibu

*

Namba 5
Tarehe 2 Juni

Kasuku,

Mama Cherehani tena. Leo anacheka na kulia kwa zamu, paka ametoka nje kwa kuona haya.

Anasema: wewe na mumeo mnachungulia bahasha za watu. Anasema yeye ndiye aliyekufundisha, kwa hiyo ajilaumu mwenyewe. Anasema namba 3 aliiandika tarehe 8 Aprili, akaifunga, akaiandika namba, halafu hakuipeleka posta. Angeweza kuichana na kuita nyingine 3, na wewe usingejua. Lakini miaka thelathini na mmoja, namba ikishaandikwa kwenye barua haipewi barua nyingine, hata iwe imeungua. Mkono ulikataa. Ndiyo maana aliniambia niandike 4.

Sasa imo humu ndani. Sijaisoma. (Nilijaribu. Haisomeki kirahisi.)

Anasema usije mbio. Nampeleka mimi hospitali Jumatano, tumeshapewa siku, na barua hii ikikufikia atakuwa ameshafanyiwa jicho la kushoto. Anasema mje wote wawili baadaye, maana anataka kwanza kuwa na jicho la kuwatazama.

Jirani

*

Namba 3
Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Naandika bila kuona kalamu inakopita. Ukisoma, soma polepole.

Ni kweli sikuitazama picha. Niliishika dirishani, naona ukungu na kitu cheusi kama watu. Nilihesabu vichwa kwa kidole nikakosea. Barua zako ananisomea Mama Cherehani, nimemdanganya miwani imevunjika, ila picha sikumwonyesha mtu. Niliogopa kusema kwa sababu ungeacha ndoa ya wiki tatu ukaja kunishika mkono. Wewe nakujua.

Na harusini haikuwa magoti. Nilijiona najikwaa mbele ya wakwe zako, wanasema bi harusi ameletwa na kipofu. Nilivaa, nikakaa kitandani mpaka saa ya basi ikapita.

Najua unataka neno langu juu ya mumeo. Siwezi kutoa neno juu ya mtu ambaye sijamwona. Nikisema nimempenda nitakuwa nimegonga muhuri bahasha tupu. Nimegonga mihuri mingi maishani, huo sijawahi.

Nisamehe nguo

*

Namba 6
Tarehe 29 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba kwa zote za nyuma.

Naandika mwenyewe. Tazama mistari, iwekee rula ukitaka. Jicho la kulia wamesema mwezi wa tisa.

Bandeji ilipotolewa, wa kwanza kumwona alikuwa Mama Cherehani. Nikamwambia, "Kumbe umezeeka hivi!" Amenuna tangu siku hiyo, lakini chakula analeta. Nimemwambia pia kwamba miaka yote watu wamenisema sina mtoto, kumbe nilikuwa naye, wa jicho. Hapo alicheka, akakumbuka, akanuna tena.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilifungua kabati, nikaitoa picha, nikakaa nayo mlangoni penye mwanga. Nguo ni ya kijani. Watu wanane waliosimama nyuma wanatazama kamera, kama bila shaka walivyoamriwa. Wewe umefumba macho, umecheka mdomo wazi, kama ulivyocheka ukiwa na miaka sita nilipokukalisha kwenye meza ya kupangia barua na muhuri ukakupaka wino puani. Na kati ya wote, mwanaume mmoja hatazami kamera. Anakutazama wewe, kama mtu anayesoma anwani aliyoitafuta siku nyingi.

Nimejua kwa nini uliichagua.

Namshukuru huyo mtu. Alipoona barua za mzee zimekatika hakukwambia uninunie, alikwambia utazame waya. Jicho hili ninaloandikia amenipa yeye kabla hatujapeana mkono. Uliniuliza swali tarehe sita Februari, na nimechelewa kujibu. Jibu ni ndiyo. Ndiyo kabisa.

Zako zote, moja mpaka nne, zimefika.

Shangazi yako, kwa mkono wake wa kushoto

*

Namba 5
Tarehe 7 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Moja mpaka sita, zote zimefika.

Namba 6 tumeisoma mara tatu. Mbili nilisoma mimi, ya tatu alisoma yeye kwa sauti, na alipofika kwenye "ndiyo kabisa" sauti ikamkatikia. Akakunja karatasi, akasema anakwenda kuangalia waya fulani. Shangazi, hapa kwetu hakuna waya wowote.

Tunakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Simama mlangoni, tukuone unatuona.

Kasuku na Fundi